Safari za boti visiwani, Tanga na Bagamoyo: tupeane uzoefu

Mwana wa Kigombe: Habari za mchana ndugu zangu. Mpwa wangu kanirushia picha sasa hivi akiwa Maziwe, lile fungu la mchanga baharini huku Pangani, kasimama katikati yake, mchanga mweupe, maji pande zote. Moyo umenilipuka. Mwezi ni mpevu leo, na saa hii ilitakiwa wawe wanarudi. Nampigia hapatikani. Waliowahi kwenda visiwani kwa mashua, boti au ngalawa, yaliwakuta yapi?

Bi Sahare: Mie nilikwenda Yambe, mwezi wa saba, upepo wa kusi umeshika kwelikweli. Nilitapika kwenda na kurudi. Mikoko ya kule nimeiona nimelala chali.

Kaole Pwani: Tafuna tangawizi mbichi, kula mhogo wa kuchemsha kabla hujapanda. Tumbo tupu ndilo linalosumbua.

Baharia wa Zamani: Usile chochote! Nimevua miaka ishirini, abiria aliyeshiba ndiye wa kwanza kuinamia ubavuni. Kaa nyuma karibu na usukani, tazama nchi kavu.

Bi Sahare: Sasa nimfuate nani?

Mlingotini Kwetu: Sisi Bagamoyo tulikuwa tunakwenda fungu la Mwambakuni, pomboo wakatutokea kama saba hivi. Nahodha akafungulia injini tukawafuata mpaka wakapotea. Raha isiyosemeka!

Mvinje: Hiyo si raha, ndugu. Wale wana watoto wao, mnawakimbiza na injini wanatawanyika. Zima, kaa kimya, wenyewe watakuja.

Mlingotini Kwetu: Tumelipa hela kwenda kuona wanyama, tukae kimya tungoje nini?

Mvinje: Subira. Mbona kwenye ngalawa ya tanga wanakuja hadi unasikia wakipumua?

Mwana wa Kigombe: Jamani msigombane, ngojeni niseme langu. Tulikuwa tisa, na watoto wawili. Tulitoka Ushongo, ufukwe wa Pangani, asubuhi, saa nne tuko fungu hilohilo la Maziwe, maji yamepwa hadi matumbawe yanaonekana. Ilikuwa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu kama leo, na wanaojua wanajua: siku hizo maji yakipwa saa nne, saa kumi jioni yamejaa pomoni. Nahodha akasema saa saba tuondoke. Sisi tukamwomba atupe muda kidogo, wali wa nazi haujaliwa. Akakubali, akawachukua vijana wawili kwenda kutazama samaki upande wa pili wa mwamba. Injini ikazimika huko. Tunamwona anavuta kamba, anavuta, na mkondo unambeba.

Mchanga ukaanza kuliwa. Mwanzo tulisogeza mkeka mara moja, tena, tena. Saa nane na nusu fungu limebaki upana wa barabara. Kisha likawa kama mgongo wa nyangumi, kisha halikuwepo. Tumesimama ndani ya maji, mawimbi yanatoka pande mbili yanakutana miguuni petu. Nilimbeba mtoto wa dada yangu mabegani, yaani huyuhuyu aliyenitumia picha leo, alikuwa na miaka mitano. Maji yalinifika magotini, nikawa nahisi mchanga unachimbuka chini ya nyayo. Mama mmoja alikuwa anasoma dua kwa sauti, hakuna aliyelia.

Wavuvi wa ngalawa ndio waliotuona. Walichukua watoto na akina mama kwanza, wakarudi kutufuata sisi, na baadaye wakaenda kuivuta boti. Tulipowapa pesa walikataa. Walichukua ule wali tu.

Kaole Pwani: Subhanallah.

Mlingotini Kwetu: Na majaketi ya kuokolea?

Mwana wa Kigombe: Yalikuwa ndani ya boti.

Baharia wa Zamani: Kosa ni la nahodha. Abiria hamwongozi nahodha, na nahodha haachi watu juu ya fungu maji yakianza kujaa. Hata umwambie nini.

Mvinje: Na abiria nao, nani aliyemwambia aongeze muda? Mimi namtetea kidogo. Marehemu baba alikuwa akilala Maziwe siku mbili tatu, chini ya mivinje. Kilikuwa kisiwa chenye miti, kimetangazwa hifadhi 1975, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mvinje wa mwisho ukawa umekwenda na bahari. Wazee wengi bado wanakichukulia kama kisiwa cha zamani. Kasa wenyewe bado wanapanda kutaga pale pale, bamvua ikija mayai yanafunikwa, ndiyo maana watu wa hifadhi huyahamishia ufukweni Ushongo. Nimeshuhudia vitoto vikitoka baada ya kama miezi miwili, vinakimbilia maji. Nililia, sioni haya kusema.

Bi Sahare: Basi bora kwenda lini?

Baharia wa Zamani: Maleleji, upepo wa kusi ukishakufa na wa kaskazi haujakaza. Na uangalie mwezi. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, bahari haina haraka.

Kaole Pwani: Mimi nasema nenda wakati wowote, ila na nahodha anayekataa kuombwa.

Mwana wa Kigombe: Amepiga! Wamefika Ushongo, simu iliisha chaji. Nahodha aliwatoa saa saba kamili, wakanung'unika njia nzima. Anasema kasa mmoja aliinua kichwa karibu na boti, akavuta pumzi, akazama.

Mvinje: Alhamdulillahi. Injini ilikuwa imezimwa?

Mwana wa Kigombe: Imezimwa, ndugu yangu. Nimemuuliza.