Tupeane uzoefu: tangu simu ituzoee, mnaonana vipi na watu wenu uso kwa uso?

Jirani_wa_Umoja:
Wadau habari zenu. Hii kitu imenikaa kwa roho wiki mbili sasa acha niitoe. Naishi Umoja hapa Nairobi, ploti ya ghorofa tano, na tuko na grupu ya WhatsApp ya wapangaji, ndio hutuambia maji yanakuja siku gani, nani ameacha taka kwa ngazi, keateka anakumbusha kodi, mambo kama hayo. Sasa jirani yangu wa mlango unaotazamana na wangu aliandika usiku mmoja "naomba mnikumbuke kwa maombi". Tulimjibu wengi sana, ile mikono ya kuomba ikajaa, mimi pia nikaweka mitatu nikalala. Hakuna aliyegonga. Siku kumi na kitu baadaye tunakutana kwa ngazi amebeba begi, amekonda, ndio naambiwa mtoto alikuwa amelazwa na homa ya mapafu, na siku zote hizo alikuwa anakuja tu kuoga, kubadilisha nguo, anarudi wodini. Yani alikuwa anapita mlangoni kwangu kila siku.

Na mimi nimelelewa hapa hapa Eastlands, zile nyumba za chini, mtu anapiga hodi kutoka getini, chumvi ikiisha unatuma mtoto kwa jirani. Leo mtu akigonga bila kupiga simu kwanza nashtuka, naona kama kumeharibika. Nyinyi kwenu kukoje? Semeni ukweli tu.

Baba_Kario:
Yangu ni ya matanga. Mzee wangu alituacha mwaka jana mwezi wa nane. Babu alipokufa miaka ya tisini nilikuwa mdogo lakini nakumbuka, nyumba ilijaa kila jioni mpaka siku ya kusafirisha mwili, chai inapikwa na sufuria ya kuazima, wazee wako na daftari, mchango unatolewa mkononi, na hata yule hana shilingi anakuja anakaa, anaimba wimbo mmoja na wenzake, anaenda. Ya mzee tulifungua grupu. Watu 186. Mweka hazina kila mtu akituma M-Pesa anaongeza jina kwa orodha anairudisha, na sitadanganya, pesa ilikuja, hata ndugu walio Qatar na Marekani walituma na hao bila simu hatungewapata, bili ya hospitali ikaisha, gari la kwenda nyumbani likapatikana.

Lakini jioni tulikuwa watu wanne kwa nyumba. Mama amejaza thamosi zote, vikombe vimepangwa, anaangalia mlango. Akaniuliza, "Watu wako wapi?" Nikamwambia wako kwa grupu mama. Akasema basi nisomee. Nilikaa nikamsomea majina na pole zao moja moja mpaka saa nne usiku, zingine zimekopiwa neno kwa neno, na yeye kila jina anaitikia "asante", kama mtu ameingia.

Mama_Wawili:
Hapo kwa majina nimelia jameni. Pole sana.

Sisi tukikula simu zote zinawekwa kwa hotpoti tupu inafunikwa, hata ya baba yao. Wiki ya kwanza ilikuwa kimya ya kuogopesha, kijana wangu wa kidato cha pili alikuwa anakula dakika tano anasimama. Sai tuko mwezi wa pili, juzi akatuambia fizikia imemshinda tangu mwaka jana na alikuwa anaogopa kusema. Mwaka mzima na tunalala nyumba moja.

Mikono_Inaongea:
Acha nilete upande mwingine. Mimi ni kiziwi, naishi Githurai. Lugha yangu ni Lugha ya Ishara ya Kenya, ile iliyotajwa kwa katiba ya 2010, kuandika meseji kwangu ni kama kuongea kwa lugha ya wageni. Kabla nipate simu ya video, kuongea na rafiki yangu wa Rongai ilikuwa lazima nipande matatu mpaka tao nipande ingine, siku yote imeisha. Sai tunaongea kila usiku na tukikutana Jumamosi hatuanzi upya, tunaendelea pale tuliachia. Kwa hivyo msiseme simu imeua urafiki, wangu imeulisha.

Kitu inaniuma ni moja. Zamani konda alikuwa ananiangalia, anaona mikono yangu, ananionyesha nauli na vidole tunamalizana. Siku hizi anauliza akiwa ameinamia simu yake, hajui sijasikia, anafikiri namdharau, ananifokea mbele ya gari nzima. Mimi naongea na mtu kupitia macho yake. Akiinama hakuna pa kuanzia.

Mtu_wa_Jeevanjee:
Nimesimama sana Jeevanjee Gardens saa ya lunchi, zile duara za Bunge la Mwananchi, watu wa kawaida wakijadili siasa. Pale mnabishana mpaka mishipa inatoka shingoni lakini unaona uso wa mwenzako, ukijua umemgusa pabaya unalegeza, mwisho mnanunuliana njugu. 2022, kabla ya uchaguzi wa Agosti, mimi na rafiki yangu wa duara hiyo hiyo tuliwekwa kwa grupu moja ya siasa. Akaandika kitu kuhusu kabila langu. Nikamjibu vibaya kumliko, nikamtajia hata mama yake, na huyo mama ashanipikia. Akiwa amesimama mbele yangu maneno hayo hayangetoka. Mwaka jana tukapatana Muthurwa kwa steji, nikaanza kuomba msamaha akasema "bado ninayo, sijafuta". Akapanda gari.

Lakini pia niseme, wale vijana wa Juni 2024 waliitana kwa X na TikTok waandamane kupinga ule Mswada wa Fedha, na nikaona kwa macho yangu watu wasiojuana wakigawana maji na kushikana mikono kwa moshi. Kwa hivyo simu inaweza kuleta watu pamoja. Mimi ndio niliitumia vibaya.

Jirani_wa_Umoja:
Nimesoma zote mara mbili. Baba_Kario, mama sai yuko wapi? Kuna mtu humtembelea?

Baba_Kario:
Nilimleta kwangu, Kariobangi South. Watu wa grupu humtumia salamu kila Jumapili, namsomea. Lakini kuna mama wa mboga hapo chini, ana kabambe tu, ile simu ndogo ya vibonyezo, hayuko kwa grupu yoyote. Akifunga kibanda jioni anapanda ngazi, anaingia anakaa kwa kile kiti karibu na mlango wanachambua mchicha ule umebaki. Kuna siku hawaongei kabisa. Ikifika saa moja kama hajafika, mama anaenda kusimama kwa ngazi.