Naomba ushauri: vilengeo vya Winchester 94 ya zamani

Wakuu, habari zenu. Niko Maine, Marekani, na msimu wa kulungu wa Novemba umekaribia. Nina bunduki ya Winchester 94 ya risasi za .30-30, iliyotengenezwa kabla ya 1964, niliyoachiwa na marehemu baba mkwe.

Shida ni macho. Nina miaka 56, na kile kipengo cha kilengeo cha nyuma nakiona ukungu mtupu, hasa jioni. Mwaka jana kulungu alisimama hatua kama 60 tu, nikashusha bunduki. Sikuwa na uhakika, na sitaki kujeruhi mnyama akafie porini.

Darubini siitaki: ganda la risasi hurukia juu, pale pale darubini ingekaa, tena kuitoboa bunduki ya mzee roho inaniuma. Nafikiria kilengeo cha tundu, yaani cha kuchungulia kwenye kitundu kidogo badala ya kipengo, kama vya kampuni za Williams au Lyman. Ubavuni kushoto kuna vitundu viwili vimezibwa kwa skrubu. Je, ndiyo mahali pake? Na kwa kuwa cha nyuma kikipanda risasi nayo hupanda, cha mbele nikiongeze urefu kiasi gani? Na ule ushanga wa ncha ya kilengeo cha mbele, uwe wa shaba au mweupe kwa mwanga hafifu?

Aliyewahi kufunga anielekeze tafadhali.