Tupeane uzoefu: gari la injekta limezima ghafla, stata inazungusha lakini haliwaki

Mleta mada
Wakuu, heshima kwenu. Naomba hapa tukusanye visa vya malori na pikapu za injekta zinazokata moto barabarani, ukipiga stata injini inazunguka vizuri tu ila haishiki. Majibu ya "badilisha pampu" tuyaache. Tuambie uliona nini, ulipima nini, na ugonjwa ulikuwa wapi.

Naanza na yangu, pikapu ya petroli. Ikiwa baridi haina neno. Ikishapata moto, hasa kwenye foleni, inakata kama mtu kazima switchi. Haikohoi, haipotezi nguvu kwanza. Ukiiacha ipoe, inawaka. Fundi mmoja akasema pampu, mwingine akasema koili. Kilichonipa mwanga ni mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika). Ikiwa imegoma, napiga stata na mshale umelala kwenye sifuri, hautikisiki. Ikishapoa, napiga stata na mshale unainuka kidogo. Nikaifungua sensa ya krenki (inayoiambia kompyuta ya gari kuwa injini inazunguka) ikiwa bado ya moto, nikaweka mita kwenye pini zake: waya umekatika. Ilipopoa, mita ikasoma ohm zake kama kawaida. Ile koili ndogo ya ndani ilikuwa inaachana ikipata joto, na kompyuta isipojua kuwa krenki inazunguka haitoi cheche wala haifungui injekta. Nikafunga sensa mpya, ugonjwa ukaisha.

Fundi umeme
Mkuu umefungua vizuri, hasa hapo kwenye kupima ikiwa bado imegoma. Wengi wanasubiri ipoe, ikiwaka wanaileta gereji, na gereji kila kitu kinapima kizima. Hapo fundi anabaki kubahatisha kwa hela yako.

Kwa petroli, mimi naanza na sikio. Washa switchi bila kupiga stata: pampu iliyo ndani ya tanki inatakiwa iungurume kama sekunde 2 kisha inyamaze. Ikiwa kimya, nachomoa soketi ya pampu na kuchomeka testa kwenye waya zake, mtu anapiga stata. Testa ikiwaka ilhali pampu ilikuwa kimya, pampu imekufa. Isipowaka, narudi nyuma kwenye rilei, fyuzi na athi. Sasa kuna hali inayowachanganya wengi: testa inawaka zile sekunde 2 za mwanzo, halafu mtu akipiga stata haiwaki. Pampu na rilei ni vizima hapo. Kompyuta imekata mafuta kwa sababu haioni injini ikizunguka, na tunarudi kwa sensa ya mleta mada.

Pampu ikinguruma usiridhike. Inaweza kunguruma na presha isifike. Mifumo mingi ya injekta moja kwa kila silinda inataka kama bar 3, ile ya zamani yenye injekta juu ya throto inataka pungufu sana. Funga geji, ndiyo itakayokwambia.

Mwenye pikapu kuukuu
Nyongeza fupi. Pikapu nyingi za Ford za zamani zina switchi ya usalama inayokata pampu gari likigongwa. Yangu ilijikata kwenye shimo. Unabonyeza kitufe chake, safari inaendelea. Ila nusa kwanza kama hakuna petroli inayovuja.

Dereva wa tipa
Nyie wa petroli mna raha. Sisi wa dizeli ya komoni reli (bomba moja la presha, yaani reli, linalolisha injekta zote) hatuna cheche ya kutafuta, lakini upepo unaoingia kwenye mafuta unatutesa. Tipa lilianza kuishiwa nguvu kwenye mlima likiwa na mzigo, baadaye likazima kabisa. Mashine ya kusoma makosa ikatoa kodi P0087, yaani presha ya reli iko chini. Watu wakakimbilia kuihukumu pampu kubwa, kitu cha bei mbaya. Fundi wetu mzee akakataa. Akabadilisha filta kwanza, hali ile ile. Akafunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya filta, akasema piga stata. Mapovu yakapita mfululizo. Akafuata mpira wa kunyonyea hadi kwenye tanki, akakuta ufa mwembamba chini ya klipu. Nje palikuwa pakavu kabisa, kwa sababu upande ule mafuta yananyonywa: ufa unavuta upepo, hautoi dizeli. Mpira ukakatwa kidogo, klipu mpya, tukatoa upepo kwa pampu ya mkono, likawaka.

Injini hizi nyingi zinataka bar 200 au zaidi kwenye reli ndipo kompyuta iruhusu injekta. Na tafadhali, msilegeze mabomba ya presha injini ikiwa inafanya kazi, wala kupapasa uvujaji kwa mkono. Dizeli ya presha ile inapenya ngozi.

Msomaji
Kwangu mashine haisomi kosa lolote, na stata inazungusha haraka kuliko zamani, kama injini imekuwa nyepesi. Petroli. Ilizima nikiwa kwenye mwendo. Niangalie sensa?

Fundi umeme
Acha kupiga stata kwanza! Wepesi huo ni kukosa kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Fungua kifuniko cha oili, tazama kamshafti au roka (vyuma vinavyofungua vali), mtu aguse stata kidogo tu. Kama hazisogei, mkanda wa taimingi umekatika, na kwenye injini nyingi kila unapoizungusha pistoni inaweza kuzifikia vali na kuzipinda. Zikisogea, pima kompresheni ndipo uje na namba zako.

Msomaji
Hazisogei. Naita gari la kuvuta.