Darasa la tatu, anasoma kwa kujikongoja: uvivu au disleksia (ugumu wa kudumu wa kusoma)?

MwlTemeke: Wadau, mtoto ana miaka tisa. Hesabu za kichwa anazimudu, na ukimsimulia hadithi anairudia yote. Mpe kitabu sasa: "wa... li... po...", akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshampotea. Herufi hakosei sana. Wazazi wanasema ni mvivu. Nimpime nini kabla ya kumpa rufaa kwa wataalamu?

Bi Silabi: Mwalimu, huko kutokosea kusikudanganye. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo hata mwenye disleksia akishazijua silabi hupatia, ila polepole mno. Kwa Kiingereza makosa yangeonekana waziwazi. Kwetu kinachomfichua ni kasi.

Tafuta vifungu viwili vya ugumu mmoja, maneno kama 60 kila kimoja. Kimoja msomee wewe, kingine asome mwenyewe, maswali matano kila kimoja. Akijibu cha kusikiliza na kukwama cha kusoma, shida iko kwenye maandishi. Akikwama vyote viwili, tazama lugha ya nyumbani, usikivu au uelewa kwa jumla. Kisha mpe maneno yasiyo na maana: lemupa, ndozwa, shibeko, ng'afu. Aliyezoea kubahatisha kwa umbo la neno atakwamia hapo.

Fundi Masikio: Masikio kwanza! Simama nyuma yake, umbali wa mkono mmoja, azibe sikio moja, nong'ona "nne, ba, saba" arudie. Badilisha sikio. Akishindwa, au sikio linatoa usaha, aende kliniki ya masikio, pua na koo; Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ipo. Macho nayo yapimwe, lakini msiuziwe miwani ya rangi eti inatibu disleksia. Haitibu.

MwlTemeke: Asante. Na ADHD je, ile hali ya kutotulia na kushindwa kukazia mawazo? Hatulii kabisa.

Bi Silabi: Hatulii wapi? Kama ni wakati wa kusoma tu, huenda anakwepa kitabu. ADHD huonekana shuleni na nyumbani pia, kwa miezi sita au zaidi, na dalili huanza kabla ya miaka 12. Anaweza kuwa na disleksia na ADHD pamoja, hilo lipo.

Wakati rufaa inasubiriwa, dakika 15 kila siku. Anza na mb, nd, ny, ndipo mbw na ngw. Maneno marefu yakate kwa penseli: ha/wa/ja/ki/pata. Asome vipande, kisha aunganishe, kisha arudie sentensi nzima. Kunakili ubaoni hakusaidii, anachora herufi tu bila kusoma. Kusimamishwa asome mbele ya darasa ndiyo kabisa, acheni. Swali la hesabu lenye maneno msomee, maana hapo unapima hesabu.