Mjadala: Zinki kwa wenye PCOS, dawa au biashara?

Ummu Salha, Unguja
Asalaam alaykum. Pale sokoni Darajani siku hizi utakuta makopo ya vidonge vya madini ya zinki wanauziwa kina dada wenye PCOS, ule ugonjwa wa homoni unaovuruga hedhi, unaootesha ndevu na kuchelewesha mimba. Kopo nililolishika limeandikwa kila kidonge miligramu 50, meza asubuhi na usiku. Muuzaji anadai "linaamsha insulini", ile homoni inayoshusha sukari ya damu. Mie naona watu wanaliwa pesa zao. Nyie mwaonaje?

Bint Wete
Mie simlaumu muuzaji. Insulini ikizidi mwilini huisukuma ovari itoe homoni za kiume, hilo linajulikana. Na insulini yenyewe hukaa kwenye kongosho ikiwa imeshikana na zinki. Zipo tafiti zilizokuta wenye PCOS ambao miili yao ni sugu kwa insulini, yaani haiiitikii vizuri, wana zinki kidogo kwenye damu. Sisi hospitali tunaambiwa "punguza mwili kwanza", na sie wembamba je? Isitoshe, mtoto akiharisha anapewa zinki, hakuna anayepiga kelele.

Abuu wa Chake
Mtoto anapewa kila siku miligramu zisizozidi 20, kwa siku 10 hadi 14, basi. Mwanamke mzima anahitaji kama 8 kwa siku, kikomo 40. Mteja wa kopo hilo anameza 100! Akiendelea miezi, zinki itaizuia shaba kuingia mwilini, na damu huenda ikapungua.

Hizo tafiti nazo zisome zote, bibie. Nyengine zimekuta zinki iko sawa, nyengine imezidi. Zilizojaribu vidonge ni ndogo, za wiki chache. Na ikiwa chini, nani kasema ndiyo iliyoleta usugu? Kwa wenye kisukari, sukari ikipanda zinki hupotea kwenye mkojo.

Wapemba khasa tusiwe wepesi wa kusema "ni madini tu, hayadhuru". Watoto wa hapa kwetu walipewa madini ya chuma na vitamini ya foliki asidi katika utafiti mkubwa, majibu yakatoka 2006: waliopewa walilazwa au kufariki zaidi kwa asilimia 12 kuliko wasiopewa, ikabidi wasimamishe. Zinki nayo ilijaribiwa hapa hapa. Majibu ya 2007 hayakuonesha kuwa imepunguza vifo kwa kiasi cha kutegemewa.

Bint Wete
Watoto wa wakati malaria imejaa Pemba na mie mwenye PCOS wapi na wapi, kaka? Hilo la 100 nakupa. Lakini mtu akimeza kidogo, kwa kipimo, kosa liko wapi?

Ummu Salha
Kidogo hicho si kipo kwenye chakula? Nyama, pweza, dagaa, kunde zilizorowekwa.

Bint Wete
Pweza! Wote wanaishia hotelini Nungwi. Labda dagaa.

Abuu wa Chake
Dagaa wanatosha. Anayetaka kidonge akamuulize daktari, huenda akaandikiwa metformini, dawa ya kisukari inayosaidia insulini kufanya kazi. Na pesa ya kopo apimie sukari kwanza, maana PCOS huongeza hatari ya kisukari hata kwa nyie wembamba.