Mrejesho: chunusi za kidevuni baada ya wiki 14

Niliuliza kwa nini chunusi za kidevu na taya hurudi kila zinapokauka, na mtu ana miaka 34. Mliojibu, asanteni. Zimepungua sana, ingawa moja mbili bado hujitokeza siku chache kabla ya hedhi.

Kosa lilikuwa kupaka dawa juu ya chunusi tu. Kinyweleo huanza kuziba wiki kadhaa kabla uvimbe haujaonekana, kwa hiyo adapalini ya 0.1% (dawa ya kupaka inayozuia vinyweleo kuziba) hupakwa eneo zima: kiasi cha punje moja ya minji kwa uso wote, usiku, ngozi ikiwa kavu kabisa. Anza usiku mmoja kwa kila mitatu. Wiki za mwanzo ngozi hubanduka na chunusi huweza kuzidi. Wengi huacha hapo hapo, ilhali matokeo huhesabiwa wiki ya 12. Baridi ya Julai hapa Nairobi ikikausha ngozi, punguza siku, usiache. Mjamzito asiitumie.

Asubuhi, benzoili peroksaidi (dawa ya kupaka inayoua bakteria wa chunusi) ya 2.5% yatosha, ya 10% huchoma zaidi bila faida kubwa. (Taulo iwe nyeupe, maana hupausha rangi.) Kisha mafuta ya kuzuia jua, SPF 30, la sivyo madoa meusi hukawia kufutika.

Krimu za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli, steroidi kali, hutuliza uvimbe kwa muda, halafu huleta chunusi zake zenyewe. Na hedhi ikiruka ruka au ndevu zikiota, omba daktari apime homoni.