Tupeane uzoefu: Excel imekuokolea muda wapi kazini?

Wakuu, mwisho wa mwezi ndio huu, na najua wengi humu tunalala na shiti mezani. Naomba kila mmoja alete kitu kimoja kilichompunguzia kazi, pamoja na kisa chake.

Naanza. Natunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, mtaa wa Gerezani. Nilikuwa nakokota fomula ya VAT, asilimia 18, kutoka juu hadi chini kila wiki, na ankara mpya zikiongezwa mwishoni jumla haizioni. Mwezi mmoja bosi akauliza mbona mauzo ya siku mbili za mwisho hayamo. Dada wa ofisi ya jirani akaja, akasimama ndani ya orodha, akabonyeza Ctrl na T. Orodha ikawa jedwali. Tangu hapo nikiandika mstari mpya fomula inashuka yenyewe na jumla inausoma. Kiwango cha kodi nimekiweka seli moja pembeni, naifunga ndani ya fomula kwa kitufe cha F4 isihame fomula ikishuka.

MamaMbezi: Mimi niko rasilimali watu, na hili naliandika kwa uchungu. Tuliajiri vibarua zaidi ya mia, nikaingiza namba zao za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, mfululizo bila vistari. Namba ile ina tarakimu 20. Excel inashika 15 za mwanzo tu, zinazobaki inazigeuza sifuri. Sikugundua mapema kwa sababu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, na zile zilikaa sawa. Nimepiga simu mtu mmoja mmoja siku tatu, wengine wako saiti Kigamboni hawapokei. Sasa kabla sijaandika chochote nachagua kolamu nzima, naipanga iwe Text, yaani maandishi, ndipo naanza. Ukiipanga baadaye umechelewa, tarakimu zimeshakwenda.

Mgavi_Temeke: Nasambaza mikate Temeke, Ilala, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni. Zamani ripoti ya Jumamosi ilikula mchana wote: nachuja wilaya moja, nanakili, narudi nachuja nyingine. Pivot Table, jedwali linalojumlisha data kwa makundi lenyewe, inanimalizia kwa dakika chache. Ila data iwe safi kwanza. Yangu iligawa Kinondoni mara tatu kwa sababu madereva waliandika "Kinondoni", "Kindondoni" na "K'ndoni". Nikaweka orodha ya kuchagua kwa Data Validation, na kero hiyo ikaisha. Na tafadhali wakuu, msiunganishe seli ndani ya data ili ipendeze. Urembo uwekwe kwenye ripoti.

Jioni_Ubungo: Ctrl na nukta-mkato, tarehe ya leo inakaa na haibadiliki kesho. Natumia kutwa.

Mwanachuo_Mlimani: Wakuu, kila video wanasifia XLOOKUP, ile fomula ya kutafuta kitu kwenye orodha, mbona kwangu haimo? Nina Excel 2016.

Mgavi_Temeke: Haiwezi kuwemo, mdogo wangu, imo kuanzia toleo la 2021 na kwenye Microsoft 365. Jifunze INDEX na MATCH pamoja. VLOOKUP, fomula ya zamani ya kutafuta, inataka kitu unachotafutia kiwe kolamu ya kushoto, hizi mbili hazijali upande, na faili lako litafunguka hata kwenye kompyuta ya zamani ofisini.

Mleta mada: MamaMbezi, pole sana dada. Umenifanya nifungue orodha ya wateja wetu sasa hivi. Nusu ya namba za simu hazina sifuri ya mbele. Nazo ndiyo basi?

MamaMbezi: Hapana kaka, hizo zinarudi, maana kilichopotea unakijua. Kama namba ziko A, kwenye kolamu tupu andika ="0"&A2, shusha hadi mwisho, nakili, kisha bandika kama thamani. Uwe mwangalifu tu na zilizoandikwa kwa 255, msimbo wa nchi, na zenye sifuri tayari, hizo zichuje pembeni kwanza. Fanya usiku huu kabla hamjatuma meseji za madeni.